Waziri Mkuu wa Ruangwa kwenye swali la mtihani

Nilikwenda Nachingwea kufuata habari za korosho. Njiani kuelekea Ruangwa nikaingia shule moja kusalimia, na ubao wa kidato cha sita ukanishika kuliko bei ya mnada. Juu kabisa kulikuwa na swali: linganisha Waziri Mkuu wa Tanzania na wa Uingereza. Chini yake, kwa herufi kubwa: KAINGIAJE? NANI ATAMTOA? ANAMJIBU NANI?

Mwalimu wa General Studies (GS) aliyeyaandika, ambaye hakutaka jina lake litoke gazetini, ana ugomvi na neno "linganisha". Anasema mwanafunzi akiliona hujaza ukurasa mzima wa Tanzania, kisha ukurasa mzima wa Uingereza, anaweka kalamu chini akidhani amemaliza. Kwake hizo ni insha mbili zilizobanwa kwa pini moja. Basi ameweka sheria darasani: ni marufuku sentensi yenye nchi moja. Ukiandika kwamba Rais wa Tanzania humteua Waziri Mkuu, usiweke nukta mpaka Mfalme wa Uingereza naye aonekane, na isemwe kwamba huyo hulazimika kumpa kazi kiongozi anayeungwa mkono na wabunge walio wengi.

Nilikaa nyuma nikawasikiliza wakihangaika. Sentensi inaanza vizuri, inafika katikati, inakosa mwenzake. Darasa linaguna. Wanabishana kwa Kiswahili, tena kwa ufasaha, halafu wanainama kuandika kwa Kiingereza, lugha ya mtihani, na nusu ya ule moto inazimika. Mwalimu anaiona hali hiyo kila wiki na hana dawa yake.

Uzuri ni kwamba wanafunzi wa huku hawana haja ya kukariri Ibara ya 51 ya Katiba. Inasema Waziri Mkuu atatokana na wabunge wa kuchaguliwa wa majimbo, kutoka chama chenye wabunge wengi, na uteuzi wake uthibitishwe na Bunge. Kassim Majaliwa, naye mwalimu kwa taaluma, alikuwa mbunge wao wa Ruangwa alipoteuliwa kuwa Waziri Mkuu Novemba 2015. Lakini mfano wa nyumbani nao una miiba. Mwaka 2020 alipita bila kupingwa, na binti mmoja akauliza: aliyepita bila kura hata moja, naye ni mbunge wa kuchaguliwa? Mwalimu alijibu kwa sheria: wakati ule mgombea pekee alihesabiwa amechaguliwa, na sheria mpya ya mwaka 2024 inataka apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Binti aliandika. Sura yake haikuonyesha kuridhika, nami sikumlaumu.

Kuhusu Bunge kuthibitisha, mwalimu aliwapeleka ghalani kwa mfano. Mkulima wa korosho husomewa bei, akaikubali au akaikataa, na mwaka 2018 wakulima wa Kusini waliikataa kweli kweli, mpaka serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Je, Bunge limewahi kulikataa jina la Waziri Mkuu? Bado.

Swali la pili, la nani atamtoa, lilikwenda haraka. Edward Lowassa alijiuzulu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond kabla Bunge halijampigia kura ya kutokuwa na imani naye; Liz Truss wa Uingereza aliondoka 2022 baada ya wiki saba tu, chama chake mwenyewe kilipomchoka. Sentensi moja, nchi mbili. Mwalimu alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Kinachomuuma ni kwamba vijana hukimbilia London na Washington huku Msumbiji iko ng'ambo ya Ruvuma. FRELIMO ilifundisha wapiganaji wake hapa hapa Nachingwea, kwenye kambi ya Farm 17. Nchi waliyoikomboa leo ina wabunge 250 wanaopatikana kwa orodha za vyama kimkoa, hivyo hakuna mbunge wa jimbo kama wa Ruangwa. Kwa mwalimu huyu, huo ndio ulinganisho wenye nyama.

Kabla ya kengele, kijana wa dawati la mbele alizileta Kenya na Tanzania pamoja bila kuambiwa. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya urais Septemba 1, 2017. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu hairuhusu mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa. Ipi bora? Mwalimu alisema mtihani unataka ulinganishe, hautaki uchague. Huenda kwa alama za Mei ni jibu sahihi. Kwa kijana atakayepiga kura, sijui.

Nakala ya Katiba darasani ni moja, imekatwa sura kwa sura ili kila kundi lipate kipande, na Sura ya Pili imechakaa kuliko zote. Msomaji mwenye nakala inayokaa kabatini bila kazi, aipeleke shule ya sekondari iliyo karibu naye. Akiwa na ya Kenya au ya Msumbiji, aongeze na hiyo.