Sulisuli wa Watamu

Msimu wa kaskazi, Watamu huamka mapema. Jua halijachomoza, mabaharia wanavusha wageni kwa vidau hadi kwenye boti zilizotia nanga ndani ya mwamba, barafu na chambo vimeshapakiwa. Kunapopambazuka, nahodha anautafuta mlango wa kutokea bahari kuu. Mishipi haitupwi kwanza, kwa sababu ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotengwa mwaka 1968 pamoja na ya Malindi, uvuvi ni marufuku.

Wageni hawa wamelipia boti nzima kwa siku moja, na wengi wao wanamtaka sulisuli: samaki mwenye mdomo mrefu wenye ncha na pezi la mgongoni linalokunjuka kama tanga. Marlini, jamaa yake mkubwa, hutafutwa mbali zaidi, kwenye maji ya kina kirefu.

Kwa nini hapa? Kaskazi husukuma mkondo wa Somalia kuja kusini, ukakutana na mkondo wa pwani yetu unaopanda kaskazini. Mikondo inapokutana, maji yenye rutuba huinuka kutoka chini, samaki wadogo hukusanyika kula, na wakubwa huwafuata. Nahodha huyasoma hayo kwa macho. Anatazama ndege wanaopiga mbizi, mstari wa povu, maji yanayobadilika rangi. Upande wa Malindi, Mto Sabaki humwaga maji ya udongo baharini, na ukingo ambapo rangi ya kahawia inaachana na buluu ni mahali pa kupita taratibu.

Huku nyuma, baharia anashona chambo. Anamchukua chuchunge, anapitisha ndoana, kisha anamfunga mdomo kwa uzi hadi ubane kabisa. Mdomo ukiachwa wazi, chuchunge huzunguka majini badala ya kuogelea, na sulisuli hadanganyiki. Ni kazi ya dakika chache, lakini siku nzima inaitegemea.

Sulisuli akija, mara nyingi hukipiga chambo kwa mdomo wake kwanza, ndipo akarudi kukimeza. Hapo mgeni hutakiwa kuuachia mshipi uende huku akihesabu polepole. Akivuta kwa pupa, amemkosa. Kwa ndoana za duara, zinazopendelewa siku hizi, hakuna hata haja ya kushtua: ukikunja mshipi kwa utulivu, ndoana hujishika yenyewe pembeni mwa taya, na samaki haumii tumboni. Kisha anaruka, mwili mzima nje ya maji, ubavu ukiwaka buluu na zambarau. Vitabu vya zamani vilidai kwamba hufikia kilomita 110 kwa saa. Vipimo vya karibuni vinaonyesha kwamba hata akishambulia hufika kama 35 hivi. Mwenye mshipi mkononi hatahisi kwamba zimepungua.

Anapofikishwa ubavuni mwa boti, kazi inarudi kwa mabaharia. Mmoja aliyevaa glavu anamshika mdomo, mwingine anamchoma lebo ndogo kwenye nyama ya mgongo, huku boti ikisonga pole ili maji yapite kwenye matamvua. Kumtoa nje kwa ajili ya picha kunamdhuru, na nahodha mzuri humkatalia mgeni bila haya. Taarifa za lebo hupelekwa African Billfish Foundation, taasisi iliyopo Watamu, inayofuatilia samaki hawa tangu 1990. Mvuvi mwingine akimpata samaki yule na kuirudisha lebo, hata kama alitumia jarife katika nchi nyingine, hujulikana amesafiri wapi na amekua kiasi gani.

Taarifa hizo ni muhimu kwa sababu samaki hawa hawajui mipaka. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, imeshaonya kwamba marlini wa milia wamevuliwa kupita kiasi. Boti za wageni peke yake hazikusababisha hali hiyo; meli kubwa na nyavu za bahari kuu zina mzigo mzito zaidi. Hata hivyo kila anayerudishwa akiwa hai ni mmoja aliyebaki.

Masimulizi ya uvuvi huu hupenda kumtaja mwandishi Hemingway, aliyevua Malindi mwaka 1934. Ni sawa, lakini nahodha na mabaharia, ambao wengi wao walijifunza bahari kwenye ngalawa za baba zao, wanastahili kutajwa mbele yake. Mgeni hushika ufito kwa muda tu. Wanaojua pa kwenda ni wao.

Alasiri boti hurudi na bendera zimepandishwa kuonyesha aina zilizopatikana. Jodari na nguru huenda jikoni. Kuanzia Aprili kusi huanza kuvuma, bahari huchafuka, na boti nyingi huvutwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo. Anayepanga kwenda msimu ujao na aulize mambo matatu kabla ya kulipa: je, boti ina maboya ya kutosha kwa watu wote, inatumia ndoana za duara, na sulisuli wanawekewa lebo na kuachiwa?