Turbo Haikuachwa kwa Ubovu

"Fundi, kama turbo ni nzuri, mbona wenye kampuni wenyewe wameziacha?"

Swali hili hunijia karibu kila linapoletwa gereji Forester XT linalotoa moshi wa bluu, na anayeuliza huwa ana jibu lake tayari: zimeachwa kwa sababu zinaua injini, na Wajapani wameliona hilo kabla yetu. Kisha linafuata ombi lenyewe: "Basi nitolee hii turbo, gari lipumue."

Swali limekaa upande, na ombi ni baya zaidi.

Ni kweli kwamba X-Trail GT, lile la nguvu za farasi 280, halikupata mrithi umbo jipya lilipotoka mwaka 2007. Ni kweli pia kwamba Forester XT iliishia mwaka 2018, na Harrier ya turbo, iliyoanza mwaka 2017, haikuvuka kuingia umbo la mwaka 2020. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2008 Nissan ililirudisha jina la GT kwenye X-Trail ya dizeli, na dizeli hiyo ina turbo. Subaru iliweka turbo ya lita 2.4 kwenye Ascent na Outback za Marekani, na mwaka 2020 ikaifungia Forester ya Japani injini ya lita 1.8 yenye turbo. Toyota ilipotoa Land Cruiser 300 mwaka 2021 iliachana na V8 ikaleta V6 zenye turbo mbili, za petroli na za dizeli. Na malori na mabasi yanayopanda mlima Kitonga usiku na mchana yanapanda kwa turbo. Ni nani basi aliyeikimbia?

Kilichoondoa turbo kwenye magari ya familia ni hesabu. Japani iliweka lengo kwamba ifikapo mwaka wa fedha 2020 magari mapya ya abiria yawe na wastani wa kilomita 20.3 kwa lita. Ulaya waliweka gramu 95 za hewa ya ukaa kwa kilomita, na faini ya yuro 95 kwa kila gramu inayozidi, mara idadi ya magari yote kampuni iliyouza. Kwa kuwa kinachopimwa ni wastani, gari moja linalokula mafuta linaharibia mengine yote. Harrier ya turbo, yenye farasi 231, ilipimwa Japani kwa kilomita kama 13 kwa lita, huku haibridi iliyouzwa kando yake ikivuka 20. Umbo jipya lilipokuja, haibridi yenye magurudumu manne ya kuvuta ikafika farasi 222. Pungufu ni farasi tisa. Ongeza kwamba toleo la turbo linadai intakula, gia boksi iliyoimarishwa na vipimo vyake vya moshi, vyote kwa ajili ya wateja wachache, kwa sababu mzazi anayenunua gari la familia anaangalia viti, buti na bei ya kujaza tangi. Mhasibu yeyote angelifuta toleo hilo.

Sasa hili la kung'oa turbo, ambalo linaniudhi kwa sababu nimeona magari mazima yakiharibiwa nalo.

Injini nyingi za turbo zilizo barabarani kwetu zilitengenezwa na mgandamizo mdogo kwa makusudi, kwa kuwa turbo ndiyo ingeleta hewa ya ziada. EJ255 ya Forester XT ya mwaka 2009 ina mgandamizo wa 8.4 kwa 1. Ndugu yake wa lita 2.5 asiye na turbo ana 10 kwa 1. Ukiitoa turbo hutabaki na Forester ya kawaida. Unabaki na injini dhaifu kuliko ya kawaida, inayokula mafuta kuizidi, na kompyuta inayosubiri presha isiyokuja. Umemlipa mtu akupunguzie gari.

Na chanzo cha kifo hukukigusa. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa inaelea juu ya utando wa oili. Kwenye injini nyingi za EJ, oili hiyo hupitia boliti yenye tundu katikati, na ndani ya boliti kuna kichujio cha wavu kisichofika ukubwa wa ncha ya kidole cha mwisho. Nikipokea turbo iliyokufa, boliti hiyo ndiyo naifungua kwanza. Mara nyingi wavu hauonekani kabisa. Umefunikwa na uji mweusi wa oili iliyoachwa mpaka ikaungua. Hapo shafti ilikosa oili, ikala beringi zake, sili zikaachia, moshi wa bluu ukaanza. Vipande vya chuma vikashuka na oili hadi kwenye sampu, kisha vikaenda kula beringi za krenkshafti. Mwenye gari anasema turbo imeua injini. Zote mbili zimeuawa na oili ile ile, na ukifunga turbo mpya juu ya boliti ile ile, nayo itakufa.

Zile chupa za dawa ya kuzuia moshi zinafanya oili iwe nzito tu. Moshi unapungua kwa muda, beringi zinaendelea kulika.

Kama unalo gari la turbo tayari: oili ya sintetiki ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, ibadilishwe pamoja na filta kila kilomita 5,000, na kijiti cha oili kichomolewe kila wiki. Ukitoka safari ndefu, acha injini ingurume dakika moja kabla ya kuizima. Turbo ikibadilishwa, bomba lake la oili na ile boliti vibadilishwe pia, na sampu isafishwe. Kama unanunua: liwashe likiwa baridi, tazama moshi, dai rekodi za oili, zikikosekana, liache. Anayezunguka mjini achukue haibridi. Anayeishi mbali na fundi mwenye vifaa achukue injini ya kawaida ya lita 2.0 au 2.5. Kwa walioko Kenya, sheria ya kutoingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8 inazifungia mlango hata Forester XT za mwisho, hivyo utakayoipata ni ile iliyokwisha kutumiwa huko, na inataka ukaguzi mkali zaidi.

Fundi akikuambia dawa ni kung'oa turbo, mwambie akufungulie kwanza boliti ya oili. Asipojua iko wapi, chukua ufunguo wako uondoke.