Mfupa na Tarishi Wake

Mtu akiutazama mfupa mkavu huweza kudhani kwamba ni kitu kisicho na uhai, kama jiwe. Sivyo. Mfupa ulio mwilini u hai, tena ukivunjika hujiunga wenyewe, mradi ushikwe usitikisike. Lakini pengo likiwa kubwa mno, mwili hauwezi kulijaza. Hapo tabibu hukata kipande cha mfupa wa nyonga ya mgonjwa yule yule na kukipandikiza penye pengo; naye mgonjwa huwa na majeraha mawili badala ya moja.

Mwaka 1965 Marshall Urist, tabibu wa mifupa wa Los Angeles katika Marekani, alieleza jambo la ajabu. Alichukua vipande vya mfupa, akaviondolea chokaa kwa tindikali, kisha akavitia katika misuli ya sungura na panya. Baada ya majuma machache mfupa mpya ukaota pale pale, mahali pasipo na mfupa. Akatambua kwamba ndani ya mfupa mna kitu kinachoziamuru chembe za mwili zijenge mfupa. Kitu hicho ni protini.

Basi, kwa nini tabibu asiitie protini hiyo kwa sindano tu? Kwa sababu ikiwa peke yake huchukuliwa upesi na maji ya mwili, kabla chembe hazijakusanyika. Protini hiyo ni kama barua. Nayo yataka tarishi wa kuifikisha, na kungoja mlangoni hata isomwe. Tarishi mmoja ni sifongo iliyofanywa kwa kano za ng'ombe. Huloweshwa katika maji yenye protini ile, ikawekwa penye pengo. Chembe huingia katika matundu yake na kujenga humo, na sifongo huyeyuka kidogo kidogo.

Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliruhusu dawa hiyo kwa kuunganisha mifupa ya uti wa mgongo. Lakini sifongo hutoa protini nyingi kwa haraka, na pengine mfupa huota mahali pasipotakiwa. Mwaka 2008 serikali hiyo iliwaonya matabibu kwamba wagonjwa wengine waliotiwa dawa hiyo shingoni walivimba, wakapata shida ya kumeza na kupumua.

Kwa hiyo wataalamu wanatafuta tarishi aliye bora, atakayeitoa dawa polepole na kuishika mahali pake. Haba na haba hujaza kibaba, na mfupa nao hujengwa vivyo hivyo.