Umechoka kusikia Kilimanjaro? Njoo tutembee Dodoma

Mwambie rafiki yako kwamba unakwenda Dodoma kupanda milima, uone atakavyokucheka. Kwa wengi Dodoma ni bunge, vumbi, zabibu na upepo. Lakini tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi huku mwaka 2024, mtu wa Dar anaweza kutoka kazini Ijumaa, akatembea siku mbili, na Jumatatu akawa mezani kwake. Sasa atembee wapi?

Tutakupa njia tunazozipenda sisi. Tukuonye mapema: theluji hakuna, na kilele cha kupigia picha ya bendera hakuna. Njia za huku hazina urefu wa kujivunia. Sifa yake ni umri, na ukielewa unachokikanyaga hutaona tena kwamba huku ni vumbi tu.

Anzia mjini, kwenye mawe

Mji wa Dodoma uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na pande zote utaona vilima vya mawe vimechomoza ghafla kutoka tambarare kama vichwa vya watu waliozikwa hadi shingoni. Mlimwa ni kimojawapo. Kule Chimwaga, kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, viko vya kutosha. Kabla ya kupanda chochote uliza serikali ya mtaa, maana vilima vingine vina minara ya simu au viko jirani na maeneo ya usalama, na hutaki kueleza habari za jiolojia kwa mtu mwenye bunduki.

Mawe yenyewe ni itale na jamaa zake. Itale hutokana na uji wa moto wa mwamba unaopoa polepole sana ukiwa kilomita kadhaa chini ya ardhi, ndiyo maana ukilitazama kwa karibu unaona chembe kubwa za rangi tofauti. Zilipata muda wa kukua. Miamba hii ya katikati ya Tanzania ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kilimanjaro, mzee wetu tunayemheshimu, hajafikisha hata miaka milioni 3.

Jiwe lililozaliwa chini huko limefikaje juu? Halikupanda lenyewe kama gari kwenye jeki. Kilichotokea zaidi ni kwamba vilivyokuwa juu yake vimeondoka. Mwamba una nyufa, na maji ya mvua huingia humo yakiulainisha kuwa udongo. Penye nyufa nyingi mwamba huoza haraka na kwenda chini sana; penye nyufa chache hubaki mgumu. Baadaye mvua na upepo huubeba ule udongo laini, na bonge lisilo na nyufa linabaki limesimama peke yake. Hicho ndicho kilima unachopanda.

Ukifika juu tafuta mahali jiwe linapobanduka kama ganda la kitunguu. Itale liliumbika likiwa limekandamizwa na uzito mkubwa. Uzito ulipoondoka, jiwe lilipumua, likatanuka kidogo na kupasuka kwa matabaka yanayofuata umbo lake. Basi usikanyage ganda ukingoni kabla ya kulijaribu kwa mguu mmoja, kwani mengine yameshikilia kwa imani tu. Na yale madoa ya kijivu na ya rangi ya chungwa si rangi ya mtu. Ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi kwa ubia. Yakikauka ni salama. Yakilowa ni sabuni.

Anza saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa nne jiwe limeshika joto na pimbi wote wamejificha mianyani, nawe ungefanya vizuri kuwaiga. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Mvua za huku huanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwenye kilima kitupu wakati wa radi wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Ukingo wa bonde

Wachache wanajua kwamba tawi la Bonde la Ufa linapita huku. Ukitoka mjini kwenda magharibi unashuka hadi Bahi, nchi bapa ya mpunga na kinamasi, halafu mbele yako unasimama ukuta: ndio ukingo wa Saranda na Kilimatinde, njia ya kwenda Manyoni. Hapo ardhi ilipasuka, upande mmoja ukazama. Wajenzi wa reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, iliwabidi waupande ukuta huo kabla ya kufika Tabora mwaka 1912.

Tembea sehemu ya juu, karibu na Kilimatinde, saa za jioni. Kwa miguu si njia ngumu, na mandhari yake ni ya kukaa kimya. Ule mto unaoingia kinamasini unaitwa Bubu, na maji yake hayafiki bahari yoyote: yanaishia Bahi, yanakauka na kuacha chumvi. Likumbuke jina hilo, tutakutana nalo tena.

Kolo: hapa usikimbie

Kama una siku moja tu, achana na yote hapo juu, panda basi la barabara ya Babati na Arusha, ushuke Kolo, kilomita 180 hivi kaskazini mwa Dodoma. Hapo iko ofisi ya mambo ya kale. Utalipa kiingilio na kupewa mwongozaji, na bila yeye huendi. Mwanzo njia ni ya kawaida, ya mashamba na miti ya miyombo. Kipande cha mwisho kuelekea Mungumi wa Kolo kinapanda kwa nguvu hadi chini ya mawe makubwa yaliyoinama kama paa.

Chini ya mapaa hayo kuna michoro. UNESCO iliyaingiza maeneo haya ya Kondoa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na makadirio ni kwamba kuna mapango na vibanda vya mawe vyenye michoro kati ya 150 na 450. Mary Leakey alifanya kazi hapa mwaka 1951, akinakili michoro kwa mkono, na kitabu chake kilitoka mwaka 1983. Utaona watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu, twiga, tembo, swala. Hii ya rangi nyekundu inahusishwa na wawindaji na wakusanyaji wa matunda na mizizi. Wengi huwataja Wasandawe, ambao hadi leo wanaishi upande wa magharibi, wilayani Chemba, na lugha yao ina sauti za kidoko. Ile myeupe, iliyo minene na ya haraka zaidi, mara nyingi imepakwa juu ya ile nyekundu, nayo inahusishwa na wakulima na wafugaji waliokuja baadaye.

Ina umri gani? Hapo ndipo sayansi inapokwama kidogo, na sababu yake inapendeza. Rangi nyekundu ni udongo wenye oksidi ya chuma, ndugu wa kutu ya bati lako. Kipimo maarufu cha umri hutumia kaboni, ambayo hutoka kwenye kitu kilichowahi kuishi. Kutu haijawahi kuishi. Kwa hiyo unaweza kupima mkaa wa moto uliowashwa chini ya mchoro, lakini nani atakuhakikishia kwamba mwota moto ndiye mchoraji? Tunachojua ni kwamba watu walikuwa hapa zamani mno. Kwenye pango la Kisese II, lililochimbwa mwaka 1956, zilipatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2018 vinaonyesha kwamba za zamani zaidi zina zaidi ya miaka 40,000. Mtu alikaa kivulini hapo akitoboa shanga, wakati Ulaya bado kuna Waneanderthali.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma. Michoro hii inafifia, na sehemu ya lawama ni yetu, watembeaji. Wapo wanaoimwagia maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Kweli itang'aa kwa dakika chache, kwa sababu maji hujaza vitundu vya jiwe na mwanga hautawanyiki. Lakini maji hayo yanaingia ndani, yanayeyusha chumvi za mwamba, na yakikauka yanazileta juu na kuziacha kama utando mweupe, au yanabandua punje za jiwe pamoja na rangi yake. Kidole chako nacho kina mafuta na jasho. Wengine huandika majina. Wengine huchimba chini ya mapango wakiamini Wajerumani walifukia dhahabu, na wanaharibu yale matabaka ya udongo ambayo ndiyo pekee yangetuambia nani aliishi hapo na lini.

Utasikia pia kwamba wazee wa Kirangi bado hufanya matambiko Mungumi, ya mvua na ya uponyaji, na kwamba pombe ya nafaka hurushwa hata kwenye ukuta wenye michoro. Wahifadhi wengine huona huo nao ni uharibifu, na kikemia hawajakosea. Sisi hatukubali kuuweka kapu moja na chupa ya maji ya mtalii. Kilima hiki kimetunzwa kwa sababu ni kitakatifu kwa watu waliokizunguka. Ukiwafukuza hao ili kuokoa rangi, nani atabaki wa kumzuia mchimba dhahabu usiku? Mjadala huu haujaisha, na ni vizuri umuulize mwongozaji wako anauonaje. Ukikuta sadaka au majivu, pita pembeni.

Makorongo ya Irangi

Kutoka Kolo unaweza kuendelea kwa miguu kwenye vilima vya Irangi upande wa Haubi. Njia ni za wanavijiji, mwenyeji wa kukuongoza hakosekani, na kama umeletewa ugali wa uwele na mlenda usijifanye umeshiba. Utakachoshangaa ni makorongo: ardhi imekatwa kama keki, kuta nyekundu zinakupita kimo.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kuondoka kwenye eneo lililomomonyoka zaidi la Kondoa, kilomita za mraba 1,256. Nyasi na miti vilirudi kwa haraka. Ila fikiria maana yake kwa mfugaji aliyeamka siku ile na kuambiwa ng'ombe wake hana pa kukanyaga.

Maelezo ya siku nyingi yalikuwa mepesi: ng'ombe wengi, ardhi ikaisha. Watafiti wakaupima mchanga wenyewe. Chembe ya kwatzi ikifukiwa gizani hunasa nishati ya mionzi kidogo kidogo kutoka udongo unaoizunguka. Ikipigwa na jua, hufutika na kuanza upya. Ukiichimba bila kuionyesha mwanga na kuimulika maabara, hutoa mng'ao, na kadiri mng'ao ulivyo mkubwa ndivyo ilivyokaa gizani muda mrefu. Vipimo vya Kondoa vilionyesha vipindi viwili vya mmomonyoko: kimoja zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, enzi ya barafu ilipokuwa inakwisha na tabianchi inabadilika, na kingine kilichoanza karibu miaka 900 iliyopita na kuendelea. Kile cha kwanza hakikuwa na ng'ombe wa kulaumu. Cha pili kina mkono wa binadamu, lakini kilianza kabla ya mkoloni na kabla ya HADO.

Udongo uliotoka kwenye makorongo haya umejaza mito ya chini, ule Bubu ukiwemo. Kiangazi utaikuta ni barabara za mchanga, na akina mama wamechimba visima vifupi katikati. Hapo maji yamejificha jua lisiyafikie. Tembea humo bila wasiwasi Julai. Mwezi wa pili usithubutu, hata kama juu yako mbingu ni safi, kwa sababu mvua iliyonyesha vilimani usipoiona ndiyo itakayokukuta mtoni. Ukisikia mngurumo wakati hakuna lori, panda ukingoni kwanza, mkoba utaufuata baadaye.