Mafuta ya mjane na meza za wamama wetu sokoni

Mara nyingi wakati wa ushuhuda tunasikia mama akisema Mungu amebariki biashara yake. Miezi michache inapita, meza yake sokoni iko tupu. Tunamwombea, tunamchangia, anaanza tena, kisha anaanguka tena. Watu husema: alikosa mtaji. Sisi tunaowasikiliza wauzaji hawa tumefikia wazo lingine. Mara nyingi mtaji ulikuwepo, lakini ulipungua kidogo kidogo bila mwenyewe kuona, kwa sababu soko lilibadilika na hakuna aliyekuwa anahesabu.

Tukumbuke mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye mdai alitaka kuchukua wanawe. Elisha hakumpa feza. Alimwuliza ana kitu gani nyumbani, akamtuma kuazima vyombo kwa majirani. Mafuta yalipopatikana, akampa utaratibu: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kinachobaki. Wengi wetu tunaugeuza utaratibu huo. Tunakula kwanza, deni linangoja, na mafuta yanakwisha.

Tunanunua kwa dola, tunauza kwa faranga

Huku kwetu mzigo mwingi unanunuliwa kwa dola, lakini mteja wa sokoni analipa faranga. Hapo ndipo mtaji unapopotea. Tuchukue mfano. Mama ananunua gunia la maharagi kwa dola 60, wakati dola moja ni faranga 2.800. Gunia limemgharimu faranga 168.000. Analiuza lote kwa 182.000, anafurahi kwamba amepata faida ya 14.000. Lakini kama siku ya kurudi kununua dola imefika 3.000, zile 182.000 ni dola 60 na senti chache tu. Faida karibu yote imekwisha, na bado hajalipa usafiri.

Kinyume chake pia kinaumiza. Mwaka 2025 tuliona faranga ikipanda ghafla. Kama dola inashuka mpaka 2.500, jirani ananunua gunia lilelile kwa faranga 150.000, na anaweza kuuza kwa bei ndogo kuliko ile mama wetu aliyonunulia. Mwenye mzigo mwingi ndani anabaki nao.

Dawa ya kwanza ni daftari na kalamu. Kila jioni aandike mambo manne: feza iliyoingia, feza iliyotoka kwa mzigo, feza iliyotoka kwa nyumba, na bei ya dola siku hiyo. Feza ya nyumba ikae mfuko wake, feza ya mzigo mfuko wake. Ajiwekee kiasi kidogo cha kula kila wiki, asivuke hapo. Na dola ikiwa inayumba, anunue mzigo mdogo mara nyingi, kuliko mkubwa mara moja.

Simu ni chombo

Toka banki zilipofunga milango Goma, kisha Bukavu, mwanzoni mwa 2025, simu imekuwa banki ya watu wengi. Muuzaji asiyepokea M-Pesa, Airtel Money au Orange Money anapoteza wateja. Lakini kila mara anapotoa feza kwenye simu anakatwa, na noti zikikosekana mawakala wengine wanaongeza yao juu. Kwa hiyo anayelipwa kwa simu ajaribu kumlipa kwa simu yule anayemuuzia mzigo. Akiitoa kila jioni, faida yake inakwenda kwa wakala. Makato hayo nayo yaandikwe kwenye daftari, kwa sababu ni gharama kama usafiri.

Kuna wezi pia. Ujumbe unaosema feza imeingia unaweza kuwa wa uongo. Aangalie salio lake kabla ya kutoa mzigo. Na namba ya siri asimpe mtu, hata mtoto wa dada yake anayemsaidia kubonyeza.

WhatsApp nayo inasaidia. Kabla ya kupanda gari, mama anaweza kuuliza bei kwa watu watatu na kuomba picha ya mzigo. Kwenye barabara zetu, safari moja isiyo ya lazima ikiepukwa ni feza, na pengine ni uhai.

Vyombo vya majirani

Mjane hakuwa na vyombo vya kutosha. Majirani walikuwa navyo. Kwetu, likelemba inafanya kazi hiyo, lakini kila mtu anangoja zamu yake, hata kama shida imekuja leo. AVEC inatoa nafasi zaidi: wanachama wananunua hisa kila mkutano, wanakopeshana, riba inabaki kwao, na mwisho wa mzunguko, kwa kawaida miezi 9 mpaka 12, wanagawana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Kwa sababu ya usalama, vikundi vingi vinakopesha karibu feza yote mkutanoni ili sanduku lilale karibu tupu. Huo ni uangalifu mzuri.

Sisi wachungaji nasi tujichunguze

Hapa tuseme ukweli. Mara nyingine tumesimama mbele ya waamini kutafuta mchango wa mabati, mama akatoa feza ya mzigo, tukapiga makofi. Mwezi uliofuata tulimchangia chakula. Hatukumjenga, tulikula mbegu yake. Tufundishe wazi kwamba muuzaji anatoa fungu la kumi juu ya faida. Akitoa juu ya mauzo yote, anagusa mtaji. Na mtu asiyejua faida yake hawezi kujua fungu lake la kumi. Daftari, basi, ni sehemu ya uaminifu wetu mbele ya Mungu.

Kila parokia ina mwalimu, mhasibu au mwanafunzi anayejua hesabu. Apewe saa moja kila mwezi, baada ya ibada, akae na wauzaji na madaftari yao. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake. Vijana wafundishe wamama kuangalia salio na kutuma feza, kila mama akishika simu yake mwenyewe. Haya hayahitaji mfadhili.

Na tukimwombea mama aliyeanguka, tumwulize pia, kwa upole, kama Elisha: una nini nyumbani? Kisha tukae naye tuhesabu. Bwana awabariki.