Kabla ya Kupiga Windows

Kompyuta ikianza kujizima ovyo mjini Moshi, uamuzi unaofuata karibu kila mara ni ule ule: ipigwe Windows upya. Mwenye steshenari anayewajazia wanafunzi maombi ya mkopo wa HESLB, karani wa chama cha msingi anayetunza hesabu za kahawa, mwalimu mwenye mitihani ya shule nzima ndani ya laptopu moja, wote huambiwa hivyo, hulipa, na kurudi na mashine iliyofutwa. Baada ya wiki chache inajizima tena. Kosa hapa ni la mpangilio zaidi kuliko la ujuzi, kwa sababu tunaanza na kazi iliyo rahisi kuifanya, tukaruka sehemu yenye uwezekano mkubwa wa kuwa chanzo. Mashine inayokufa ghafla, mara kwa mara, bila kujali programu gani imefunguliwa, ishukiwe kwanza vifaa vyake na umeme inaotumia. Windows ingoje zamu yake mwishoni.

Ushahidi upo. Mwaka 2011 watafiti watatu wa Microsoft, Nightingale, Douceur na Orgovan, walichapisha uchambuzi wa kompyuta zipatazo milioni moja za watumiaji wa kawaida. Mashine ambayo prosesa yake ilikuwa imefanya kazi kwa jumla ya siku 30 au zaidi ndani ya miezi 8 ilikuwa na uwezekano wa 1 kati ya 190 wa kuanguka kwa hitilafu ya prosesa na sehemu zinazoihudumia. Huo ni uwezekano mdogo. Lakini mashine iliyokwisha kuanguka mara moja kwa hitilafu kama hiyo ilikuwa na uwezekano wa karibu 1 kati ya 3 wa kuanguka tena. Hitilafu ya kifaa, kwa maneno mengine, haipiti ikaisha. Hujificha kisha hurudi. Mtu anaweza kuuliza kwa haki kama kampuni ya programu haina maslahi katika kuvilaumu vifaa. Basi na tuangalie kwingine. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza seva za Google waliona kuwa zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata kosa angalau moja ndani ya mwaka, na kipande kilichokosea mara moja kilielekea sana kukosea tena. Seva hizo hukaa katika vyumba vyenye baridi ya kupimwa na umeme unaolindwa usiku na mchana. Mashine zetu hazina bahati hiyo.

Tuanze na umeme, maana hapo Kilimanjaro ina habari yake ya pekee. Mikoa ya kaskazini iko mbali na mitambo mikubwa ya nchi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, wakati Nyumba ya Mungu, lililo jirani na Moshi, lina megawati 8 tu. Machi 2025, akiwa ziarani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kaskazini, na sababu aliyoitoa ni umeme unaopotea katika safari ndefu ya kufika huku. Hiyo ni hali ya gridi. Nyumba iliyo mwisho wa laini huko Kibosho, Uru au Rombo ina upungufu wake mwingine wa jioni, majirani wanapowasha vyombo vyao kwa pamoja: taa zinafifia, friji inaguna, na umeme unashuka mno chini ya volti 230 zinazotarajiwa.

Pawa saplai ya kompyuta ya mezani imeundwa kuvumilia mkatiko mfupi sana. Kiwango cha kawaida ni kama milisekunde 16. Umeme wetu ni wa hezi 50, ambapo wimbi moja huchukua milisekunde 20. Likikosekana wimbi moja tu, taa ikapepesa kiasi ambacho jicho halikioni vizuri, mashine yenye mzigo inaweza kuzimika. Iliyozeeka huvumilia muda mfupi zaidi, kwa sababu kapasita zake zimechoka, na kapasita za aina hiyo hupoteza karibu nusu ya umri wao kila joto linapopanda nyuzi 10. Ongeza radi za masika, na ule umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Inasikitisha kuona nyumba ambayo friji imewekewa kifaa cha kuilinda, huku kompyuta yenye kazi ya miaka kumi imechomekwa ukutani hivi hivi. Na kifaa hicho cha friji hakiifai kompyuta, kwa kuwa hulinda kwa kukata umeme, na kukatwa umeme ndiko tunakokukimbia. Kinachohitajika ni UPS yenye betri nzima, inayoendelea kuilisha mashine umeme unapokatika.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Andika saa ambazo mashine inajizima. Zikiangukia zaidi kati ya saa 1 na saa 4 usiku, au mashine ikitulia inapopelekwa mtaa mwingine, tayari umepata nusu ya jibu. Windows yenyewe pia huandika. Katika orodha yake ya matukio, iitwayo Event Viewer, tukio la Kernel-Power namba 41 hurekodiwa mashine inapowaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Likija na namba ya kosa 0, mara nyingi Windows haikupata hata nafasi ya kujua kilichotokea, na hapo umeme au joto ndio washukiwa wa kwanza. Skrini ya bluu ni habari tofauti, kwa kuwa kosa lilionekana, likaandikwa, ndipo mashine ikasimama. Inaelekeza zaidi kwenye RAM, diski au programu inayoendesha kifaa fulani. Kufuta kila kitu ni kuzichoma kumbukumbu hizo pamoja na kazi za mteja.

Watafiti wale wa 2011 waliona pia kwamba laptopu huanguka mara chache kuliko kompyuta za mezani. Huku kwetu laptopu ina faida nyingine iliyo wazi, kwamba betri yake ni UPS ya bure. Faida hiyo inakwisha siku betri inapokufa, na laptopu nyingi za mitumba hutumika miaka kwa chaja peke yake.

Joto na vumbi huja pamoja. Moshi mjini, kwenye mita 800 na ushei, kuanzia Januari hadi mvua za masika chumba cha bati hupata joto kali, na upepo wa tambarare huleta vumbi jembamba linalojisokota kati ya mapezi ya chuma kinachopoza prosesa. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi, na ikishindwa kabisa hujizima ili isiungue. Dalili yake inatambulika: feni inavuma, mashine inakufa baada ya dakika kadhaa za kazi nzito, ukiiacha ipoe inawaka kama kwamba hakuna lililotokea. Bloa, brashi na dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa humaliza tatizo hilo. Panda hadi Marangu, zaidi ya mita 1,300, nawe unakuta shida ya aina nyingine. Ukungu na unyevu wa Juni na Julai hulifanya vumbi lile lile lishike maji, migusano ya RAM inapata kutu, na mashine inayokataa kuwaka asubuhi inakubali adhuhuri ikishapata joto. Fundi anayeisubiri ipate joto dukani mjini hataiona hitilafu hiyo hata siku moja. Juu zaidi kuna kikomo ambacho wengi hawakijui: diski ya kuzunguka husoma kwa kichwa kinachoelea juu ya tabaka jembamba la hewa, na nyingi zimeruhusiwa kufanya kazi hadi mita 3,048 tu. Kituo cha wapanda mlima cha Horombo, kwenye Mlima Kilimanjaro, kilichofikishiwa intaneti ya kasi mwaka 2022, kiko mita 3,720. Huko ni diski za SSD peke yake, zisizo na kinachozunguka, zinazofaa.

RAM hupimwa kwa urahisi. Toa kipande kimoja kimoja, safisha migusano, tumia mashine na kipande kimoja kwa siku kadhaa. Windows ina kipimo chake, mdsched, kinachoweza kuachwa kikipima usiku kucha. Diski inataka tahadhari kubwa zaidi. Uchunguzi wa Google wa mwaka 2007, wa diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa hazikutoa onyo lolote kati ya yale ambayo diski hujirekodia. Kwa hiyo anayesema diski ni nzima kwa sababu kipimo kinasema ni nzima amesema nusu tu. Kazi zinakiliwa kwanza. Kupiga Windows juu ya diski inayokufa ni kuiandikisha mambo mapya wakati ambapo pumzi iliyobaki ilitakiwa itumike kuokoa yaliyomo.

Pingamizi kubwa la mafundi ni kwamba mbona ikipigwa Windows hupona? Wakati mwingine hupona kweli, maana programu mbovu na virusi vipo, na mashine inayoanguka kila inapofunguliwa programu moja ile ile inastahili kuanziwa huko. Lakini kupona kwingi ni kwa muda. Windows mpya haijajazwa programu, kwa hiyo mzigo na joto vinapungua. Inakaa sehemu nyingine za diski, mbali na zilizoharibika. Na mara nyingi fundi alipoifungua aliipuliza vumbi, akaisukuma RAM ikakaa sawa. Kilichoiponya ni mkono wake, sifa akapewa Windows.

Pingamizi la pili ni pesa, nalo ni zito. Mteja wa Moshi yuko tayari kulipia Windows kwa sababu anaiona ikiingia. Kupima kwa siku mbili hakuonekani, na fundi akisema amepima tu, wengi humtazama kama aliyekula bure. Mafundi hawawezi kubeba lawama hiyo peke yao, kwa kuwa wanauza kile tunachokubali kununua. Wala UPS si rahisi kwa mwenye steshenari ndogo. Hata hivyo, anayelipia Windows mara tatu kwa mwaka, akapoteza siku za kazi na faili za wateja, amekwisha kulipa gharama hiyo bila kupata kifaa.

Kwa hiyo ukiibeba mashine kumpelekea fundi, beba na karatasi yenye saa ilizojizima na kazi uliyokuwa ukiifanya kila mara. Mwombe anakili kazi zako kabla ya kugusa jambo jingine lolote, na umlipe kwa kupima hata asipobadilisha kifaa hata kimoja.