Ukigongwa na Lori la Nchi Jirani

Katika likizo ya mwaka jana nilimkuta mjomba wangu amelazwa hospitali, mguu umevunjika mahali pawili. Alikuwa juu ya baiskeli katika barabara ya Malaba kwenda Tororo, akagongwa na lori lenye namba za Kenya. Siku ya tatu akaja mtu aliyetumwa na mwenye lori, ameshika shilingi laki tatu na karatasi ya Kiingereza. Mjomba alitakiwa atie kidole gumba. Wazee wakamshauri apokee, maana, walisema, gari la watu wa nje utalishtaki wapi?

Ndimi niliyeisoma ile karatasi. Ilisema kwamba akipokea fedha hizo hatadai kitu tena milele. Nikamsihi angoje (alinikasirikia sana, kwani fedha ya dawa ilikuwa imekwisha), nikapanda basi kwenda kwa wakili mmoja aliyesoma shuleni hapa zamani.

Alinieleza kwanza kwamba shauri la polisi na shauri la fidia ni mambo mawili. Dereva akitozwa faini kwa kuendesha vibaya, faini hiyo huenda kwa Serikali. Aliyeumia hudai fidia yake mwenyewe, tena humdai dereva pamoja na mwenye gari, ikiwa dereva alikuwa katika kazi ya tajiri wake. Hudai gharama za matibabu, mapato aliyoyakosa, na maumivu pia. Nikauliza habari ya taa, kwa sababu jua lilikuwa limekuchwa na baiskeli ya mjomba haikuwa nayo. Akasema kosa hilo litapunguza fidia, halitaifuta.

Lililonishangaza zaidi ni habari ya Kadi ya Manjano ya COMESA. Mapatano yake yalitiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1986, nayo hutumika Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, hata Tanzania, ingawa Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000. Lori likivuka mpaka na kadi hiyo, bima yake huvuka pamoja nalo, na madai hukatwa kwa sheria ya nchi palipotokea ajali. Basi mjomba hana haja ya kufika Mombasa. Ila namba ya gari na ya kadi ziandikwe mapema, kabla lori halijaondoka. Sisi tulikuwa na namba ya gari tu. Ya kadi tuliipata kwa polisi baada ya safari nne.

Bima hiyo si mali nyingi. Sheria ya Uganda ya 1989 iliweka kikomo cha shilingi 1,000,000 kwa mtu mmoja; kinachozidi hudaiwa kwa mwenye gari na dereva. Muda wa kufungua shauri ni miaka mitatu, au miwili gari likiwa la Serikali.

Mjomba hakutia kidole. Sasa anatembea kwa gongo, na mwaka wa kwanza umekwisha. Yule mtu wa lori amerudi mara mbili, na kila mara fedha imeongezeka kidogo.